Mrejesho: kuwatambua wanawake wa mashambani kwenye ombi la kura la New Zealand, 1893

Niliuliza namna ya kumtambua mwanamke wa mashambani aliyesaini ombi la 1893 la kutaka wanawake wa New Zealand wapewe haki ya kupiga kura, ikiwa orodha inaonyesha jina na eneo tu. Asanteni, iliyofanya kazi ni hii.

Anza na eneo, si jina. Karatasi 546 ziligundishwa zikawa gombo la takriban mita 270, na hifadhidata yake mtandaoni inatoa namba ya karatasi. Fungua picha ya karatasi nzima: waliosaini juu na chini ya mtu wako mara nyingi ni majirani, maana karatasi zilipitishwa nyumba kwa nyumba. Waorodheshe, kisha walinganishe na daftari la wapiga kura la 1893, lenye kazi na makazi.

Kinachokwamisha kuliko vyote ni "Mrs" ikifuatwa na herufi za kwanza za mume. Hapo tafuta rekodi ya ndoa kwa jina la mume, ndipo upate ukoo aliozaliwa nao. Wanakili nao hukosea J na I, u na n, kwa hiyo jaribu tahajia tatu nne. Mwandiko uleule ukijirudia mistari kadhaa, huenda mmoja aliwaandikia wenzake. Usiuchukue kuwa ushahidi kwamba wote walijua kuandika.

Na ukimkosa, usikate shauri kwamba hakusaini. Yaliwasilishwa maombi 13 mwaka ule. Limesalia hili kubwa tu.