Nimenunua rejeta mpya ya hita, fundi kaunga dairekti na rejeta yangu haijulikani ilipo!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nikikosea herufi mnivumilie.

Nina Hilux ya 1994, LN106 yenye injini ya 3L, naitumia kubeba viazi kutoka Njombe kuleta Dar. Mwezi wa tano ikaanza kupoteza maji. Rejeta kubwa kavu, chini ya gari hakuna tone, lakini kila asubuhi naongeza karibu nusu lita. Ndani kukawa na harufu tamu tamu, kioo cha mbele kinashika utando kama wa mafuta, ukifuta unasambaa tu, na kapeti upande wa abiria imelowa chepechepe. Mke wangu akadhani nimemwaga soda. Wenye magari ya zamani mmeshajua: rejeta ya hita, kile kirejeta kidogo cha nyuma ya dashibodi kinachopitisha maji ya moto ya injini ili kupasha joto ndani ya gari, imetoboka. Kosa langu nalikubali. Kulanti ikipungua nilikuwa naongezea maji ya kisima, na maji ya visima vya huku kwetu Mbagala mnajua yalivyo na chumvi. Kile kidude kina vijimirija vyembamba, kinaliwa taratibu mpaka kinavuja.

Nikazunguka maduka ya spea ya Gerezani nusu siku, nikapata mpya kwa 145,000. Fundi (yeye na gereji yake siwataji) akaniambia kazi ni kubwa: kumwaga maji, kushusha dashibodi, kufungua boksi la hita, kisha kurudisha kila kitu. Siku mbili, ufundi 250,000. Sikubisha, maana kile kidude kimejificha huko nyuma na hakifikiki kirahisi.

Siku ya pili jioni nakuta gari imeoshwa inang'aa. Dashibodi ina mikwaruzo, skrubu mbili zimebaki kwenye kisahani. "Hizo kiwandani huwa wanazidisha, bosi." Akanikabidhi rejeta kuukuu kwenye mfuko, ushahidi wa kazi. Kapeti kavu. Nikalipa, nikaongeza na ya soda. Mjinga mimi.

Wiki iliyopita nikapanda Njombe. Mpaka nakwea Kitonga sikuwa hata na habari na hita. Mafinga saa nane usiku, baridi ya Juni, kioo kikajaa ukungu ghafla. Nasukuma hita mpaka mwisho wa wekundu, feni juu kabisa: unatoka upepo wa friji! Ikabidi tushushe vioo vyote, mkono mmoja usukani, mwingine tambara, malori yanakuja usoni na taa kali. Shemeji yangu aliyekaa pembeni alianza kusali kwa sauti.

Asubuhi pale Njombe fundi mmoja mzee akafungua boneti, hakumaliza dakika. "Mwanangu, hita yako haijaguswa. Wameunga dairekti." Mpira unatoka kwenye injini, unajikunja, unarudi kwenye injini. Zile paipu mbili za kuingia ndani zimezibwa kwa vipande vya tyubu na kukazwa waya. Rejeta yangu iliyotoboka iko mule mule! Ile ya kwenye mfuko tukaitazama vizuri, paipu zake zimekaa upande mwingine kabisa, ni ya gari nyingine. Na mpira wenyewe ni wa kumwagilia bustani, umevimba kama chatu aliyemeza mbuzi. Ungepasuka pale Kitonga, maji yote nje, gari inachemsha, silinda hedi kwaheri.

Sikilizeni, kuunga dairekti si dhambi. Kwa joto la Dar kuna watu wanatembea hivyo miaka na hawana shida. Lakini hiyo ni kazi ya robo saa na kipande cha mpira. Angeniambia, ningeamua mwenyewe. Nimempigia, ananijibu, "Bosi, Dar hii hita ya nini?" Hita ya nini! Basi laki mbili na nusu ilikuwa ya nini? Nilipomuuliza rejeta mpya iko wapi, akadai yuko kwenye bodaboda, hanisikii. Tangu hapo simu inaita tu.

Na wale mtakaokuja na "ungesimama hapo hapo usimamie", nilikuwa kazini, nimtafutie nani hela ya kumlipa huyo huyo?

Risiti ya rejeta ninayo. Ya ufundi hakunipa, lakini nilimlipa kwa simu na ujumbe wa muamala upo. Aliyewahi kumdai fundi maiko wa aina hii akafanikiwa, alianzia kwa mjumbe au polisi moja kwa moja? Na kama kuna mtu kauziwa rejeta ya hita ya LN106 mwishoni mwa Mei, boksi lina alama ya X ya kalamu nyekundu ubavuni, niliichora mwenyewe. Anicheki pembeni, sina ugomvi naye, nataka tu kujua kauziwa na nani.