Mti wa kivuli unakauka kuanzia kileleni: niweke mbolea au kuna kingine?

Kivulini:
Wakuu, naomba msaada. Mbele ya nyumba kuna mti wa kivuli, urefu kama mita 8, shina lina unene wa sentimita 25 hivi. Msimu huu majani ya juu yametoka madogo, yanageuka manjano na kupukutika mapema, na vijiti vya kileleni vimekauka. Matawi ya chini yana nafuu. Wadudu sijawaona. Miaka miwili iliyopita ua uliinuliwa kwa udongo wa kujaza, karibu sentimita 20, na matandazo ya magome yamerundikwa hadi shinani ili nyasi zisiote. Nafikiria kumwaga NPK, kukata vilivyokauka na kupaka rangi ya mafuta kwenye majeraha. Nianze na lipi?

MziziMkuu:
Mbolea iache kwanza. Mti unaokauka kuanzia juu mara nyingi shida yake iko chini, na sababu umeshaitaja mwenyewe. Sehemu kubwa ya mizizi inayonyonya maji iko kwenye sentimita 30 hadi 60 za juu, nayo inahitaji hewa. Ukiifukia inakosa oksijeni na kuanza kufa, lakini majani huchelewa kuonyesha, wakati mwingine miaka kadhaa. Ndiyo maana watu huishia kulaumu jua la msimu huu. NPK hapo haisaidii: naitrojeni inausukuma mti utoe machipukizi kwa akiba ambayo hauna, na chumvi ya mbolea ikizidi inaunguza hata mizizi iliyobaki.

Tazama shina linapoingia ardhini. Kwa kawaida hutanuka kabla ya kugawanyika kuwa mizizi. Likizama wima kama nguzo ya umeme, limefukiwa. Gome la shina halikuumbwa kukaa kwenye unyevu muda wote. Hulainika, huoza, na kuvu wakapata pa kuingilia.

Ondoa matandazo yote. Chimba kwa mwiko wa bustani, si jembe, kuanzia shinani kwenda nje, tabaka la sentimita 5 kila mara, mpaka uione mizizi mikuu ya kwanza ikitawanyika. Vijizizi vyembamba vilivyoota kwenye shina lililofukiwa vikate. Udongo wa ziada uutoe kwa mkono hadi umbali utakaoweza, walau mita 1 pande zote, na kingo uziteremshe taratibu ili maji yasituame shinani. Mashine usiingize, uzito wake unashindilia udongo na utakuwa umerudi palepale. Kisha rudisha matandazo, unene sentimita 5 hadi 10, ukiacha sentimita 15 wazi kuzunguka shina. Huu mtindo wa kurundika kichuguu shinani sijui nani aliuanzisha.

Maji yamwage polepole chini ya ncha za matawi na nje kidogo, si shinani. Choma nondo nyembamba ardhini: ikishuka bila taabu sentimita 25 au 30, yametosha. Usirudie mpaka sentimita 10 za juu zikauke.

MsumenoMkali:
Kabla ya kukata, kwaruza gome la kijiti kwa kisu. Ukiona kijani chenye unyevu, kiko hai. Kahawia kikavu, kimekufa. Endelea kukwaruza ukirudi nyuma mpaka ukutane na kijani. Mti ulio hoi kata kilichokufa tu, maana majani yaliyobaki ndiyo yanayolisha mizizi. Kuukata kichwa wote "uchipue upya" ni kuumaliza.

Tawi zito lina mikato mitatu. Wa kwanza kutoka chini, sentimita 30 toka shinani, theluthi ya unene. Wa pili kutoka juu, sentimita chache mbele ya ule, tawi lianguke bila kuchana gome la shina. Wa tatu unaondoa kisiki, nje tu ya shingo ya tawi, yaani ule uvimbe pale tawi linapotokea shinani. Ukikata sambamba na shina unauondoa uvimbe wenyewe, na ndio unaofunga jeraha. Ukiacha kisiki kirefu, kinaoza kuelekea ndani.

Rangi usipake. Mti hauirudishi mbao iliyoharibika, unaizingira kwa kuta zake za ndani na kuotesha mbao mpya pembeni. Alex Shigo, aliyekuwa mtafiti wa misitu Marekani, alilionyesha hilo kwa kupasua miti mingi sana. Rangi inafungia unyevu humo humo.

JaniKavu:
Nakubali, isipokuwa mialoni kwenye maeneo yenye ugonjwa wa mnyauko wake. Huko hupaka mara tu baada ya kukata, kwa sababu mbawakawa wanaobeba kuvu huvutwa na jeraha bichi.

Kingine: chunguza hayo manjano. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma, hasa udongo ukiwa na chokaa au vifusi vya saruji. Hicho kifusi cha kujaza kilikuwa na nini?

Kivulini:
Kilikuwa udongo mwekundu mtupu, na jani zima ni manjano. Nimechimba, mizizi mikuu imeonekana kwa kina cha sentimita 18. Ila kuna mzizi mmoja, unene wa kidole gumba, umelizunguka shina karibu robo na kulikandamiza. Niukate?

MziziMkuu:
Kata. Tumia patasi kali au mkasi wa kupogolea, mkato mmoja pale unapoanza kuligusa shina, mwingine pale unapoliacha. Ukitoka kwa urahisi, utoe. Ukiwa umezama ndani ya gome usiung'oe, utachuna gome zima; kipande kiache kioze chenyewe. Ukikuta mingine minene, usiikate yote msimu mmoja.

Halafu gonga shina kwa nyundo ya mbao kulizunguka chini. Likilia kama lina uwazi ndani, au uyoga ukiota hapo, mwite mtaalamu wa miti alipime, kwani mita 8 zinaifikia nyumba. Kama ni zima, kileleni palipokauka hapatafufuka. Kipimo chako kiwe ukubwa wa majani na urefu wa machipukizi mapya kwa misimu miwili au mitatu ijayo.