Natembea kwa miguu Bukoba hadi Namugongo bila simu, naombeni ushauri

Kashai1
Habari za jioni wakuu. Nina nadhiri ya kwenda Namugongo, kule Uganda kwenye patakatifu pa Mashahidi wa Uganda, kwa miguu kutokea hapa Bukoba, na nimeiweka hivi: hakuna simu. Si kitochi, si simu janja. Wale mashahidi, vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walipokuwa wanaswagwa kutoka Munyonyo kwenda kuuawa Namugongo mwaka 1886 hawakumpigia mtu. Nataka niende hivyo hivyo, rozari, maji na miguu yangu. Naondoka tarehe 2 Mei Mungu akipenda.

Aliyewahi kupita Mutukula, Masaka hadi Kampala kwa miguu anieleze pa kulala, na bila simu nitajuaje nimebakiza kilomita ngapi. Viatu je, raba au katambuga? Usingizi sipati vizuri, nawaza safari hii tu. Matusi sitaki.

Mkorofi Mpole
Huu uzi umeuandika kwa mkaa ukutani? Nimekaa paleee na kahawa yangu ya kutafuna, nasubiri wajuzi.

Konda wa Mutukula
Mkuu, barabara hiyo nimeila miaka mingi kwenye basi. Bukoba hadi Mutukula mpakani weka kilomita 80, Mutukula hadi Masaka 90 hivi, Masaka hadi Kampala 130, halafu Namugongo iko ng'ambo ya pili ya mji, upande wa Jinja. Ni 300 na kitu. Mtu wa kawaida mwenye begi mgongoni anakwenda 25 kwa siku.

Simu ya kukuonyesha njia huihitaji, lami ni hiyo hiyo. Kyaka unavuka Mto Kagera, Bunazi, mpaka wa Mutukula, Kyotera, Masaka, Lukaya, Kayabwe pale kwenye mstari wa ikweta, Mpigi, unaingia mjini. Pa kuogopa ni Lwera, ukishatoka Lukaya. Kinamasi kirefu, kivuli hakuna, malori yanapita yakikupepea. Ingia alfajiri, na utembee upande wa kulia uyaone yanavyokuja. Hela usibadilishe na anayekufuata barabarani, nenda dukani. Na kama huna kadi ya njano ya chanjo, pale Mutukula utajieleza mpaka jua lizame.

Dada Novena
Tumsifu Yesu Kristo. Sisi tulikwenda na kikundi cha parokia, bendera mbele, gari la mizigo nyuma. Tulilala kwenye kumbi za parokia na madarasa ya shule, Masaka tukapokelewa Kitovu kwenye kanisa kuu. Barua ya paroko ndiyo inafungua milango, mtu mmoja mmoja bila barua wanamshangaa. Wewe unakwenda na nani?

MamaNesi
Kabla ya viatu, una sukari? Presha? Umepima? Watu wa kwetu wanapenda kuanzia kwenye raba. Paka mafuta ya mgando katikati ya vidole kila asubuhi, soksi jozi mbili za kubadilisha, na raba uwe umeshaivaa mwezi mzima. Raba mpya itakutoa malengelenge kabla hujaiona Kyaka. Shemeji yangu alitembea na katambuga kwenda msibani, tukamuuguza yeye badala ya kuzika.

Mbeba Box
Niko Ujerumani huku. Nilitembea Camino ya Hispania, njia ya mahujaji kwenda Santiago, kuanzia Sarria. Kule ukitembea angalau kilomita 100 za mwisho unapewa cheti cha Kilatini ukifika Santiago. Simu ya nini? Mishale ya njano imepakwa kwenye mawe, kuta na nguzo njia nzima. Aliyeanzisha ni padre mmoja wa O Cebreiro, Elías Valiña, miaka ya 1980. Unabeba kijitabu, kila unapolala kinagongwa muhuri. Wengi wanajisifu wameacha simu nyumbani, halafu jioni wanazunguka vitandani kuazima za wenzao.

Nakushauri tengeneza daftari lako, kila parokia wakugongee muhuri. Ukirudi hakuna wa kukubishia.

Mzee wa Chumbageni
Mimi Muislamu, ya Namugongo nawaachia wenyewe. Lakini safari ya ibada ninaijua. Kwetu mtu akinuia Hija, kabla hajaulizia ndege analipa madeni, anarudisha amana za watu, anaomba radhi, anaiachia nyumba matumizi. Wazee wetu hapa Tanga walikwenda kwa meli, habari zao tukizipata kwa anayerudi, na hakuna aliyekufa kwa kukosa simu. Swali langu moja tu, mwanangu. Kuna cha mtu mkononi mwako?

Kashai1
Nashukuru sana wakuu. Konda, Lwera nimeiandika. MamaNesi, nimepima, niko salama, raba ni ya zamani. Dada Novena, nakwenda peke yangu, nadhiri ni yangu. Paroko nitamuona. Mbeba Box, wazo la mihuri nimelipenda. Naandikia kwenye simu ya mke wangu, yangu nimeshaiuza. Hata saa ya mkononi nimeivua.

Utelezi
Ngoja kwanza. Saa nayo ni kifaa? Na tochi? Kama betri ni haramu, Lwera alfajiri unapitaje, na kibatari?

Mkorofi Mpole
Ataswali na jogoo wa Waganda.

Kashai1
Tochi nitabeba. Tochi haipigi wala haipigiwi.

Mwalimu wa Zamu
Mkienda huko mjue imani ile ilipita kwetu. Padre Lourdel, ambaye Waganda wanamwita Mapeera, aliingia Buganda 1879 pamoja na Bruda Amans wakitokea Bagamoyo kupitia Tabora, kisha ziwani kwa mtumbwi. Mwaka 1882 mambo yalipokuwa magumu wamisionari wakarudi kusini ya ziwa, Bukumbi huku Mwanza, na wakaenda tena 1885. Na tusiseme Wakatoliki tu. Mashahidi Wakatoliki ni 22, waliotangazwa watakatifu 1964, na Waanglikana ni 23, patakatifu pao pako jirani hapo hapo Namugongo. Watu wanapita wanadhani ni kanisa la mtaa.

Mkorofi Mpole
Tulikuja kuulizia katambuga, sasa tuna mtihani wa historia.

Dada Novena
Kashai1, umejibu kila mtu hadi aliyeuliza tochi. Mbona mzee wa Tanga umemruka?

Kashai1
Sikumruka. Sikuona kama linahusiana na kutembea.

Dada Novena
Linahusiana. Mjibu.

Mzee wa Chumbageni
Msimsukume. Lakini mimi bado nipo.

Kashai1
Sawa. Mimi ni mhazini wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Michango inaingia kwenye laini yangu, imesajiliwa kwa namba yangu ya NIDA na vidole vyangu. Tunavunja tarehe 15 Mei, kila mtu achukue hisa zake na faida. Hela ipo, daftari lipo, sijaficha kitu. Laini nimeitoa kwenye simu, nimeihifadhi nyumbani. Mwenyekiti nilimgusia kwamba nina safari.

Msinigeuzie uzi. Nadhiri niliiweka mtoto akiwa amelazwa, na mtoto akapona. Wanakikundi wanajua mimi ni mtu wa aina gani, ndiyo maana walinichagua.

MamaNesi
Ulimgusia safari, au ulimwambia hutapatikana?

Kashai1
Nilimwambia nina safari.

Konda wa Mutukula
Haya, sasa naelewa kwa nini usingizi hauji.

Utelezi
Wakuu, hii chai, hadithi ya kutunga, na mmeinywa bila kupuliza. Fanyeni hesabu na namba za Konda. Anaondoka tarehe 2, kilomita 300, 25 kwa siku, anafika tarehe 14. Sikukuu ya mashahidi ni tarehe 3 Juni. Wiki karibu tatu anafanya nini Namugongo? Na kesho yake, tarehe 15, ndiyo kikundi kinavunjwa, eti kwa bahati tu. Hata watunzi wa tamthilia za redio hawapangi tarehe zikakaa vizuri hivi. Simu kauza, laini kachomoa, mtoto kapona, kila mtu anafuta chozi. Akaunti yake humu jukwaani yenyewe ya juzi. Huyu hajawahi kufika hata Bunazi.

Kashai1
Novena, sala ya siku tisa kabla ya sikukuu, inaanza 25 Mei, nilitaka niwahi nipumzike miguu, nisaidie na usafi. Na Bunazi unaniambia mimi? Kyaka ndipo palipo na lile daraja la Kagera lililobomolewa na jeshi la Amin 1978, na magofu ya kanisa la wakati wa vita bado yamesimama pale. Baba yangu alitupitisha hapo akitueleza tangu tukiwa wadogo. Njoo Kashai uulize.

Utelezi
Daraja la Kyaka liko kwenye kila kitabu. Kutoka tarehe 14 hadi 25 bado ni siku kumi na moja za kupumzisha miguu.

Mbeba Box
Mimi nilishamtengenezea na mfano wa daftari la mihuri. Nisamehewe.

Konda wa Mutukula
Utelezi, mimi siioni chai. Namba zako ziko sawa, ila mtunzi angeziona mapema akazirekebisha. Mtu anayekimbia ndiye hazioni. Sijasema kala hela. Inawezekana ipo yote na bado anakimbia ile siku ya kuketi mbele za watu na daftari. Nimewabeba wengi wa namna hiyo kwenye basi, wanalipa nauli bila kuulizia chenji.

MamaNesi
Na mimi niseme ya kwetu. Kikundi chetu cha kina mama, mhazini alifariki ghafla. Hakuwa mwizi hata kidogo. Hela ikabaki kwenye laini yake, namba ya siri kaenda nayo. Ikabidi tusubiri familia ikae, ipeleke msimamizi wa mirathi mahakamani, ndugu wengine wakaanza kudai ni hela ya marehemu. Wakati huo kuna mama anadaiwa ada, kuna mwingine anajifungua. Kashai1, lori likikupitia Lwera, tena huna hata simu ya kutambulishia maiti, wanakikundi wanamwendea nani? Mke wako ana namba ya siri?

Kashai1
Hana. Sikutaka kumwingiza.

Mkorofi Mpole
Hapa mimi nimeacha kucheka.

Konda wa Mutukula
Mbona rahisi. Vunjeni kikundi tarehe 15, uondoke 16 asubuhi. Ukienda 25 kwa siku, tarehe 28 uko Namugongo, novena bado inaendelea na sikukuu haijafika. Safari ile ile, nadhiri ile ile, bila simu vile vile.

Dada Novena
Au kama ni lazima tarehe 2, itisha kikao kabla. Hela ihamie kwenye akaunti ya kikundi, ile ambayo haitoki mpaka waidhinishe zaidi ya mmoja. Katibu aandike muhtasari, wote wasaini. Kazi ya jioni moja.

Kashai1
Tarehe 2 nimeshamtamkia Mungu. Siwezi kuanza kumbadilishia Mungu tarehe kwa sababu ya jukwaa.

Mzee wa Chumbageni
Ulimtamkia tarehe, au ulimtamkia safari?

Utelezi
Bado nasema chai. Ila mzee kaniua.

Mwalimu wa Zamu
Kwa faida ya wengine, Charles Lwanga mwenyewe, kiongozi wa mashahidi wale, alikuwa mtu wa kukabidhiwa. Aliwekwa kuwasimamia vijana wa ikulu baada ya Yosefu Mukasa kuuawa Novemba 1885, na usiku ule wa kuamkia hukumu alikaa nao akawabatiza waliokuwa bado, Kizito akiwamo. Hakutangulia peke yake akawaacha wajitafutie.

Kashai1
Nimewasikia. Barua ya paroko naifuata. Laini na daftari nitamkabidhi katibu Jumapili baada ya Misa, mbele ya watu wawili. Naomba tufunge mada, turudi kwenye pa kulala Kyotera.

Dada Novena
Jumapili ipi?

Konda wa Mutukula
Kyotera ulizia parokia, wanakaribisha. Jibu swali la dada.

Utelezi
Yupo mtandaoni, namuona jina lake linawaka.

Shangazi wa Kemondo
Samahanini, nimesoma mwanzo tu. Hiyo kadi ya njano hapa Bukoba inachanjwa wapi, na inachukua siku ngapi? Nami nataka kwenda mwaka huu, ila kwa basi.