Bok de Korver: shaba mbili za Olimpiki, bao moja la taifa?

KijiweKirumba: Wakuu, naandaa kadi za chemsha bongo ya soka kwa kijiwe chetu hapa Mwanza. Kadi ya Bok de Korver inasema: Sparta Rotterdam, mechi 31 za Uholanzi, bao 1, shaba ya Olimpiki 1908 na 1912. Wabishi wanasema ya 1908 ilikuwa ya mezani. Halafu mechi na England zihesabiwe?

Sato_wa_Igogo: Nusu ya mezani. Hungary ilijitoa, Uholanzi ikaingia nusu fainali bila kugusa mpira, na tarehe 22 Oktoba ikachapwa 4-0 na Uingereza, yote ya Harry Stapley. Siku hiyohiyo Ufaransa ililishwa 17-1 na Denmark, ikagoma kucheza mechi ya mshindi wa tatu. Ikaitwa Sweden, iliyokuwa tayari imekula 12-1 za Uingereza. Tarehe 23, Uholanzi 2-0. Imeisha.

Stockholm 1912 ndiko jasho lilitoka: Sweden 4-3 kwa muda wa nyongeza 29 Juni, Austria 3-1 kesho yake, Denmark 1-4 tarehe 2 Julai, Finland 9-0 tarehe 4. Mechi nne ndani ya siku sita, na ukiumia hakuna wa kuingia.

HafuMkongwe: Hiyo England ni ya ridhaa, yaani wachezaji wasiolipwa. Waholanzi wanazihesabu, maana wao wote walikuwa wa ridhaa. Soka la kulipwa kwao lilianza 1954. England haiziweki kwenye rekodi za timu yake kubwa. Kipigo cha 12-2 kule Darlington, Desemba 1907, kimo kwa Waholanzi, kwa England hukioni. Andika "31 kwa hesabu ya Uholanzi" ubishi ufe.

Na bao 1 si aibu, jamaa alikuwa senta hafu. Enzi za 2-3-5 (mabeki wawili, hafu watatu, mafowadi watano) mabeki wawili walitosha, kwa sababu hadi 1925 sheria ya kuotea ilidai wapinzani watatu mbele ya mshambuliaji. Senta hafu akawa injini: anakaba fowadi wa kati, anagawa mipira kwa mawinga. Kufunga ni kazi ya wale watano.

KijiweKirumba: Asante mkuu. Kadi ya Jan Vos, fowadi wa Uholanzi, je? Mabao 8, mfungaji bora 1912.

Sato_wa_Igogo: Mabao 8 sawa, matano aliifunga Finland. Mfungaji bora futa: Gottfried Fuchs wa Ujerumani ana 10, yote dhidi ya Urusi, 16-0, tena kwenye mashindano ya waliotolewa mapema.