Mtoto wa wifi yangu hataki kula, nimpe uji gani anenepe haraka?

MkazaMjomba_Kisauni
Salaam aleikum wanajamvi. Mimi humu ni wa kusoma na kupita, lakini leo limenifika.

Wifi yangu yuko kwangu Kisauni na watoto wake watatu. Kwao ni Tana Delta. Mafuriko ya 2024 yalichukua nyumba na shamba, na tangu hapo wamekuwa watu wa kuhama: mara hemani, mara kwa jamaa Malindi, sasa kwangu. Sina neno, ni dada wa mume wangu, nimtupe wapi? Shida ni huyu mtoto wa kati, ana mwaka na miezi minane. Mkono umebaki ngozi na mfupa. Ukimpa wali anauweka shavuni, hamezi wala hatemi, mpaka uutoe kwa kidole. Hachezi. Hata kulia analia kwa uvivu.

Naomba kujua, uji wa unga gani unanenepesha haraka? Na zile dawa za maji za kufungua hamu ya kula, kwa umri huu zafaa?

BintiKongowea
Pole shoga. Wimbi, mtama, soya na njugu, changanya, peleka mashine wakusagie laini. Ukipika tia samli kijiko kimoja, na maziwa mwisho kabisa usije ukayakatisha. Mwanangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo, watu wakinicheka njiani, leo anacheza mpira wa shule na anamaliza mkate peke yake kabla sijageuka. Yaani siku hizi naficha mkate.

ViaziKarai
Mimi nimenenepa kwa mbaazi na mahamri bila kushauriwa na mtu. Nipeni huyo mtoto asubuhi moja tu.

AmiShee
Mwatafuta unga na ugonjwa mwauona. Mtoto huyo amebemendwa. Nyuma yake pana kichanga, au nasema uongo? Ziwa la mama limekatwa kabla ya wakati wake kwa sababu watu hawana subira. Wagiriama wanaita chirwa na dawa wanazo. Zamani mume alijua mpaka wake mpaka mtoto atembee. Siku hizi hata hemani watu hawatulii.

NesiMstaafu
Bi Mkaza Mjomba, kabla ya unga nijibu mambo machache. Amewahi kupimwa mkono kwa ule utepe wa rangi? Anahara, ana homa, anakohoa? Pana mdogo wake? Ami Shee kwenye ziwa amegusa, kwingine kote mimi simo.

MkazaMjomba_Kisauni
Ami umenitisha, kichanga yupo, miezi minne. Mimba ilipoingia huyu akaachishwa. Kuhara alihara, kumekwisha. Utepe alipimwa kule kwao wakasema nyekundu, wakampa zile pakiti za njugu za kunyonya. Alizipenda sana. Baadaye mashavu yakarudi, mamake akaona amepona, zilizobaki akala kaka yake. Lakini mimi niliuliza uji jamani.

WakiliWaBaraza
Mnajadili uji na haki zenu hamzijui. Sheria ya wakimbizi wa ndani ni nambari 56 ya mwaka 2012, na haikuandikwa kwa ajili ya fujo za uchaguzi pekee, majanga ya asili yamo. Aliyefukuzwa na maji ni mkimbizi wa ndani sawasawa na aliyefukuzwa kwa panga. Huyo mama aandike barua kwa kamishna wa kaunti, aweke nakala, apigiwe muhuri, asikubali kujibiwa kwa mdomo.

ViaziKarai
Barua inachemshwa dakika ngapi, wakili?

Mzee_wa_Likoni
Mmenikumbusha Agosti 1997. Fujo zilipoanza huku kwetu tulikimbilia ua wa kanisa katoliki la Likoni, maelfu ya watu. Mvua ikija mnasimama wima, maana pa kulala pamekuwa tope. Uji ulikuwa wa foleni, na jirani yangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa anapanga mara mbili kwa kubadilisha kofia. Mpishi alimjua na alimpa tu. Lakini pale uani mtoto akiumwa alionekana na watu wote. Waliokimbilia kwa ndugu zao ng'ambo ya feri nani aliwauliza? Ukishaingia nyumbani kwa mtu wewe ni mgeni, na wageni hakuna anayewahesabu.

NesiMstaafu
Mzee umesema. Nimefanya kazi kambini. Pale kuna orodha, watoto wanapimwa mkono hema kwa hema, wanachanjwa surua, wanapewa vitamini A, hata maji yana kipimo, lita 15 kwa mtu kwa siku. Mtoto huyu angekuwa hemani angeshakamatwa na utepe. Kisauni nani atampima?

Dada, umesema mashavu yamerudi na mkono bado ni mfupa. Miguu je?

MkazaMjomba_Kisauni
Miguu imenona alhamdulillahi, hilo ndilo linalonipa moyo. Viatu vya Idi havimwingii tena na ni vipya. Ndiyo maana nikasema nikipata unga mzuri na mwili mwingine utafuata.

NesiMstaafu
Basi weka mwiko chini. Huo si unono, ni maji.

Mkalishe, bonyeza mgongo wa mguu kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu polepole, achia. Fanya na mguu wa pili. Kikibaki kishimo pande zote mbili, huo ni utapiamlo mkali hata kama utepe ungesoma kijani. Utepe wenyewe unapima mzunguko wa mkono, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo hadi 12.5 ni njano.

Sasa nisikilize. Mtoto wa utapiamlo mkali ambaye hana ugonjwa mwingine na bado ana hamu ya kula anatibiwa nyumbani kwa zile pakiti, kila moja gramu 92, kalori 500, na kliniki kila wiki. Ni dawa yake, si ya kugawana na kaka. Anayekataa kula hatibiwi nyumbani, analazwa. Na wodini hawaanzi kwa kumnenepesha. Wanaanza na maziwa maalum mepesi, F-75, kidogo kidogo usiku na mchana, na siku za mwanzo uzito hushuka kwa sababu maji yanatoka. Mwili uliokaa na njaa hivyo ukiushindilia chakula kizito ghafla unaweza kumuua. Uji wa BintiKongowea ni mzuri ila zamu yake bado.

BintiKongowea
Mimi nilijibu nilichoulizwa.

MkazaMjomba_Kisauni
Bi Nesi nakuheshimu, lakini wodi hatuendi. Nisiwafiche basi, tulishaambiwa alazwe. Hospitali siitaji. Wifi alikaa benchini tangu asubuhi na kichanga mgongoni, mwisho akaambiwa kichanga hakiruhusiwi wodini. Kitoto cha miezi minne amwachie nani? Akainuka akatoka, na mimi simlaumu.

Nimeshapanga. Kuna kijana wa duka la dawa anakuja Alhamisi jioni kumtundikia dripu mbili za nguvu hapa hapa nyumbani. Mume wangu katuma pesa kutoka Lamu, nusu nimeshalipa. Dripu si ni ile ile ya hospitali? Kilichozidi kule ni kitanda na bili.

NesiMstaafu
Hapana. Mtoto wa hali hii moyo wake umedhoofu, ukimmiminia maji kwenye mshipa unauzamisha. Hata wodini hawamtundikii dripu ila akiwa mahututi, na hapo anakaa mtu anamhesabia pumzi na mapigo. Hata ile chumvi na sukari ya kawaida ya kuhara ina chumvi nyingi kwake, wana yake ya peke yake. Kijana wako atatundika, atachukua nusu yake, atapanda tuktuk. Usiku utabaki na nani?

Usinichezee_Akili
Samahanini mimi nina hesabu haigongi. Mafuriko ni 2024, Aprili na Mei. Mtoto ana mwaka na miezi minane. Piga hesabu nyuma, huyu amezaliwa maji yameshakauka. Sasa amekimbia mafuriko gani? Kisha kila akibanwa anatoa kipande kipya: kwanza uji, mara pakiti, mara miguu, mara wodi, mara dripu. Subirini kidogo, namba ya kutuma mchango iko njiani. Uzi wa namna hii tuliusoma humu humu, mtoto alikuwa wa Kwale, na watu walituma.

ViaziKarai
Wewe nawe. Mimi nilishaanza kulia.

WakiliWaBaraza
Kisheria mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha. Aweke picha ya mtoto na kadi ya kliniki.

AmiShee
Mimi tangu mwanzo niliona.

MkazaMjomba_Kisauni
Uliona nini Ami? Mtoto alikuwa tumboni, wifi alipandishwa boti na mimba kubwa akiwa ameshika mkono wa yule mkubwa, na akajifungulia kule kule hemani. Au mkimbizi lazima awe na meno? Kuna mahali nimeomba hata shilingi? Onyesheni. Nilificha dripu kwa sababu nilijua mtanirukia, na si mmenirukia?

Msimamizi
Picha za mtoto wa mtu hazitawekwa humu, kadi pia. Atakayeomba tena namfungia.

Usinichezee_Akili
Sawa bosi. Lakini hesabu yangu ilikuwa na haki ya kuulizwa.

Mzee_wa_Likoni
Iulizwe. 1997 pia walisema tumejihamisha wenyewe tupate unga wa bure. Nyumba yangu ilikuwa majivu na mtu ananiuliza nina risiti ya kabati.

NesiMstaafu
Kama ni hadithi nimepoteza vidole vya kuandika. Kama ni kweli tusipoteze usiku. Dada, umembonyeza?

MkazaMjomba_Kisauni
Nimembonyeza. Kishimo kimebaki. Miguu yote miwili. Hata sikusubiri hesabu ya tatu. Wifi amekaa chini hasemi.

NesiMstaafu
Msisubiri Alhamisi. Akiwa macho na anameza, kijiko cha chai kimoja cha sukari, kilichojaa, kwenye vijiko vitatu na nusu vikubwa vya maji safi. Mpe kidogo kidogo njiani, maana sukari yao hushuka upesi. Mfunike vizuri pamoja na kichwa, wanapoteza joto, na mamake amshike kifuani. Vukeni daraja muende Hospitali Kuu ya Pwani, semeni neno moja mlangoni: amevimba miguu yote miwili na hataki kula. Wakisikia hivyo msikubali kurudishwa foleni.

Kichanga aende na mamake. Ananyonya, huo ni msosi na chanjo yake, msimnunulie maziwa ya kopo. Wakikataa, muulizeni muuguzi mkuu wa wodi, si wa mlangoni. Na bili ikiwashinda kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Yale maziwa na pakiti hospitali ya serikali hawawauzii.

BintiKongowea
Mkubwa nileteeni mimi, niko Kongowea, mko jirani. Atamalizana na mwanangu kwenye mkate.

AmiShee
Na dua msiache.

MkazaMjomba_Kisauni
Tumelazwa. Kichanga wamekubali baada ya maneno. Mtoto anapewa maziwa kwa kikombe kila baada ya saa mbili, cha kwanza alikitapika, cha pili kimekaa. Daktari wa zamu ameuliza kama alitundikwa dripu nyumbani, nikamwambia bado. Sikusema kuhusu nusu.

Bi Nesi, swali jingine. Mume wangu anataka tumtoe mapema wiki ijayo turudi kwa pakiti za nyumbani, asema kitanda ni gharama. Naona ana haki kidogo.

NesiMstaafu
Hana. Anatoka akianza kula mwenyewe na uvimbe umeanza kushuka, na si siku ambayo mumeo amechoka kutuma pesa.

Usinichezee_Akili
Mimi bado siamini. Ila kama ni kweli, Mungu ampe shifaa.

MkazaMjomba_Kisauni
Amin. Kijana wa duka la dawa ananipigia simu anadai nusu iliyobaki, asema kitu cha kutundika alishakinunua.

ViaziKarai
Nitumie namba yake pembeni, nizungumze naye mimi.