Nimechaguliwa Mkwawa na SUA: ualimu wa sayansi au ufugaji wa samaki? Naombeni ushauri kabla sijathibitisha

BintiWaIgoma

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, CBG. Kemia C, Biolojia C, Jiografia D, yaani Div II ya pointi 10. Majina ya udahili yametoka na nimechaguliwa sehemu mbili: Mkwawa kule Iringa, shahada ya sayansi na ualimu (Kemia na Biolojia), na SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, ufugaji wa viumbe maji. Natakiwa nithibitishe chuo kimoja kwa ile namba ya siri na siku zinakatika.

Nyumbani hakukaliki. Mama anataka ualimu, anasema mwalimu halali njaa. Mjomba ni mwalimu huko Magu na ndiye atakayetoa nauli, kwa hiyo anaona kura yake ni mbili. Baba ndiyo kabisa, neno samaki hataki kulisikia. Alikuwa kiwanda cha minofu ya sangara, samaki walipopungua wakapunguza na watu, naye akiwemo. Juzi kaniambia, "Ziwa limekwisha, wewe ndiyo unaenda kulisomea?"

Moyo wangu uko SUA. Shida ni kwamba sina ndugu wala jirani aliyesoma kozi hiyo, nikiulizwa nikimaliza nitafanya kazi wapi nabaki namung'unya maneno.

Aliyesoma mojawapo ya hizi kozi aniambie ukweli wa kazini. Halafu, kama ni samaki tu, si ningeenda FETA, chuo cha uvuvi hapa Nyegezi, nikasoma diploma huku nalala nyumbani? Matusi sitaki, ya nyumbani yananitosha.

Chapa_Ilale

Nenda VETA Nyakato ukasome umeme. Shahada zimejaa mtaani kama daladala za Buzuruga.

Mwl_Kishiri

Mdogo wangu, hongera kwa matokeo. Nafundisha Kemia, nikupe ya ndani.

Mwalimu wa Kemia na Biolojia ana nafasi nzuri kuliko mwenzake wa Historia, hilo halina ubishi. Ila mama asidhani bado ni enzi zile unamaliza chuo unapangiwa kituo, unabeba godoro. Sasa hivi unaomba kwenye mfumo, unaitwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, unashindana na waliomaliza miaka kadhaa nyuma. Ukikosa unajitolea shule ya kata kwa posho ya wazazi, au unaingia shule binafsi ambako mshahara unategemea huruma ya mwenye shule. Nimepitia yote mawili kabla ya kuajiriwa.

Kazi yenyewe naipenda. Wiki hii nilikuwa na kidato cha nne kwenye taitresheni, ile ya kudondosha tindikali tone kwa tone mpaka rangi igeuke. Meza nzima bureti moja, kila mtu anataka kufungua koki, rangi ikigeuka wanashangilia kama goli la derby. Kuna mtoto mmoja kazidisha tone, kaharibu, nikamwelekeza upya, kaharibu tena. Jiulize hapo: kumwelekeza mtu kitu kilekile mara ya nne, bila kununa, unaweza? Kama unaweza njoo, tunakuhitaji. Kama hapana, usije kuwaonea watoto wa watu kwa sababu mjomba ana nauli.

Dada_Mkolani

Mimi si wa samaki wala wa chaki, nilisoma mawasiliano ya umma SAUT, sasa nipo idara ya mikopo kwenye taasisi ya fedha. Naomba nizungumzie hili la kulala nyumbani, maana watu wanaliona kama hela ya bure.

Nilikuwa naenda Malimbe asubuhi narudi Mkolani jioni, miaka yote ya chuo. Nauli kidogo, chakula cha mama, bumu linabaki. Lakini nyumbani hakuna anayekuhesabu kuwa uko chuoni. Mgeni kaja, wewe. Mdogo anaumwa, wewe. Wenzangu wa hosteli walikuwa wanajadiliana maswali mpaka usiku, mimi nakimbilia gari la mwisho. Darasani nilifanya vizuri tu, ila watu waliojuana hosteli ndio mpaka leo wanapigiana simu kukiwa na nafasi za kazi. Binti ambaye hajawahi kukaa mbali na kwao, Iringa au Morogoro vitamjenga kuliko anavyodhani.

La pili, mkopo. Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Haiulizi ulisoma kozi uliyoipenda au ya mjomba. Deni litakuwa lako peke yako, hilo mwambie mama kwa upole.

Kuhusu jina la shahada, kwa kazi yangu halijanisumbua. Kwa kazi za serikali ni jambo jingine, asikudanganye mtu. Fungua matangazo ya Afisa Uvuvi ya nyuma, soma mstari wa sifa za mwombaji, uone kama ufugaji wa viumbe maji umetajwa. Kuna watu wamesoma kozi zenye majina matamu ambayo hayamo kwenye tangazo lolote, mfumo unawatema mapema.

KizimbaNaMaji

Nimeitwa na mtu kwenye huu uzi, nami nimekuja. Nina vizimba vya sato, yaani nyavu za kufugia ndani ya ziwa, upande wa Ilemela. Nianze na mzee, maana naona ndiye mwenye hoja nzito.

Mzee wako hajakosea kuhusu alichokiona. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili, alipandikizwa kati ya miaka ya 1950 na 1960, akazaliana, viwanda vikaja kula samaki waliomo. Kiwanda cha minofu kinategemea mtumbwi urudi na kitu. Usiporudi na kitu, mashine zinasimama na watu wanaenda nyumbani. Huo ni uvuvi. Mimi navuna nilichopanda. Ni kazi nyingine kabisa, inafanana na kufuga kuku wa nyama kuliko kutupa nyavu. Na kwamba serikali imeingia humo si siri, Rais Samia alikuja hapa Mwanza mwaka 2024 kukabidhi boti na vizimba vya mkopo.

Sasa kazi yenyewe ikoje. Siku ya kupima uzito, tunachota samaki kwa wavu wa mkono, tunawatia kwenye ndoo yenye maji iliyokwisha kupimwa, tunapima tena, tunawahesabu wakirudi. Tuseme wastani ni gramu 120 na kizimba kina samaki 5,000. Hapo kuna kilo 600 za samaki ndani ya maji. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito wao, ni kilo 18 za chakula kwa siku. Ukikadiria kwa macho ukawapa kilo 25, zile 7 zinazama chini, zinaoza, zinakula hewa ya maji, na hela yako imelala hapo. Chakula ndicho kinachomeza mtaji wetu, si nyavu wala vifaranga. Mtu anayejua hesabu hiyo na kuiandika kwenye daftari kila siku, namlipa bila kuulizwa mara mbili.

Kuhusu FETA: anayenisimamia kila siku ni kijana wa FETA Nyegezi, na simbadilishi. Mikono yake inajua maji. Lakini ulikuja upepo, ziwa likajipindua, maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu, asubuhi samaki wanahema juu ya maji na hawagusi chakula. Kijana alisimamisha kulisha, sawasawa kabisa. Aliyekuja na kipimo cha oksijeni, akasoma kina kwa kina, akatuambia tuhamishie vizimba wapi na tupunguze samaki kiasi gani, alikuwa mwenye shahada. Wote wawili nawahitaji. Ila mtu ambaye tayari ana nafasi ya shahada mkononi, kurudi nyuma kuanzia diploma sioni sababu, labda kama fedha imegoma kabisa.

Chapa_Ilale

Mkuu na hao samaki wakiibiwa usiku? Hilo SUA wanafundisha?

KizimbaNaMaji

Hilo wanafundisha walinzi wangu, njoo usiku ujifunze.

Nyegezi_Stendi

Mimi ni wa FETA na napinga kidogo. Diploma si kurudi nyuma. Ukitoka na GPA ya 3.0 unaomba shahada, na unaingia darasani ukiwa umeshashika nyavu na kuendesha boti. Wenye shahada wanaokuja fildi kwetu wengine wanaogopa hata kupanda mtumbwi. Ila nakubali, mwenye Div II ya 10 akiacha nafasi ya SUA wazazi watamlaumu milele. Mimi sikuwa na pointi za kuchagua, ndiyo maana nasema kwa raha zangu.

Jambo moja ambalo hakuna aliyesema: ukithibitisha chuo, ukaja kugeuza mawazo, kuhama ni usumbufu. Usithibitishe ukiwa na hasira.

Mama_Wa_Nansio

Mwanangu, mimi ni mzazi. Mama yako anaogopa, ndiyo maana anashika ualimu, kwa sababu ualimu anauona: kuna nyumba ya mwalimu, kuna mshahara, kuna mtu anaitwa Madamu. Hao wa vizimba hajawahi kuwaona. Usimjibu kwa maneno ya mtandaoni. Mpeleke akaone.

BintiWaIgoma

Asanteni sana, nimesoma yote. Mwl Kishiri, nimejiuliza lile swali la mara ya nne na jibu ni hapana, nina mdogo wangu shahidi. Matangazo ya Afisa Uvuvi nitayatafuta leo, asante dada.

KizimbaNaMaji, shikamoo. Swali: mnaajiri wanawake? Nimesikia kuna sehemu wanawake hawaruhusiwi kupanda mtumbwi. Na kama hutojali, naweza kuja kuangalia siku ya kupima?

KizimbaNaMaji

Marahaba. Huyo mwenye shahada aliyekuja na kipimo ni mwanamke, na ndiye aliyetufokea sote. Tunapima Jumamosi, saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze njia.

BintiWaIgoma

Nitakuja. Baba naye amesema anakuja, ila anasema anakuja kuhakikisha tu kwamba ni uongo.

KizimbaNaMaji

Mlete. Mtu wa kiwandani ndiye ninayemtaka, nina maswali yangu kuhusu barafu. Mwambie tu asivae viatu vya kanisani.