PSBT inakataliwa na kifaa cha Malindi, waleti ya saini 2 kati ya 3

Mkomani_01:
Asalaam aleikum wataalamu. Kikundi chetu cha mashua hapa Lamu kina waleti ya bitcoin ya saini 2 kati ya 3, imeundwa kwenye programu ya Sparrow. Funguo A na B ziko kisiwani. C yuko Malindi, kifaa chake cha kutia saini kinatumia kadi ya microSD. Wakati wa kuunda waleti alituma xpub (ufunguo wa umma unaozalisha anwani) peke yake. A ametia saini bila shida. Faili ya PSBT (muamala unaosubiri saini) ikifika Malindi, kifaa kinasema hakuna ufunguo wake ndani. Hatuwezi kumpandisha C basi hadi Mokowe kila tukitaka kumlipa fundi. Tufanyeje?

FundiShela:
Waaleikum salaam. Fungua Settings kwenye Sparrow, tazama alama ya ufunguo mkuu wa C, ile ya herufi na tarakimu 8. Naona kama itakuwa 00000000. Xpub ikija peke yake haibebi alama hiyo wala njia ya ufunguo (namba zinazoonyesha ulivyotokana na ufunguo mkuu). Kifaa nacho kinaanza kwa kusoma alama iliyo ndani ya PSBT. Ikiwa si yake, hakiendelei.

Na usibandike xpub zenu hapa. Haziibi pesa, lakini zinaonyesha salio lote.

Mkomani_01:
Ni 00000000 kweli. Njia imeandikwa m/48'/0'/0'/2'. Nikibadilisha alama, pesa hazitapotea, shekhe?

FundiShela:
Hazipotei. Anwani hutokana na xpub tatu, idadi ya saini na aina ya skripti (masharti ya kutumia pesa). Alama na njia ni maelekezo tu ya kukiongoza kifaa.

C aisome alama kwenye skrini ya kifaa chake, asikisie. Kama anatumia neno la siri la ziada juu ya maneno 12 au 24 ya kurejesha waleti, aliingize kwanza, maana kila neno la ziada huzaa alama nyingine kabisa. Athibitishe pia kwamba xpub aliyotuma ilitoka njia hiyohiyo. Ikiishia 1' badala ya 2', ni ya anwani zinazoanza na 3. Mkiona m/48'/1', hiyo ni ya mtandao wa majaribio. (48h na 48' ni kitu kimoja, hilo lisiwatishe.)

Ukishahifadhi, PSBT ya zamani itupeni. Imebeba 00000000 ndani yake. Tengenezeni mpya.

PwaniNodi:
Fundi kamaliza sehemu kubwa, ila kabla ya PSBT mpya toeni faili la usanidi wa waleti kutoka Sparrow, ili C alisajili kwenye kifaa chake. Bila usajili, kifaa hakina namna ya kujua chenji (pesa inayobaki baada ya malipo) inarudi kwenu au inakwenda kwa mwizi. Kisha linganisheni anwani ya kwanza, skrini ya kifaa na Sparrow: inaanza bc1q na ina herufi 62. Ikiwa tofauti, kagueni mpangilio wa funguo. Programu zinazofuata BIP 67 (kanuni ya kupanga funguo) huzipanga kwa alfabeti, nyingine hufuata ulivyoziingiza.

A akishatia saini msiguse ada tena. Ada ikibadilika muamala unabadilika, na saini yake haifai kitu.

Kwa WhatsApp tumeni kama hati, si maandishi ya kunakili. PSBT ya maandishi huanza na cHNidP. Mwanzo ukiwa mwingine, huenda faili imeharibika. QR mtaikuta na shida zake, kwani vifaa vingine hutumia muundo wa BBQr na vingine wa UR, havisomani. Kadi ya microSD haina ugomvi huo.

Mkomani_01:
Shukran. Na maneno ya A na B tukiyahifadhi vizuri, C akipoteza kifaa tuko salama?

PwaniNodi:
Maneno mawili peke yake hayatoshi, ndugu yangu. Kujenga anwani upya kunahitaji xpub zote tatu, hata ya yule asiyetia saini. Hifadhini deskripta ya waleti (maandishi yenye xpub zote, alama, njia na idadi ya saini) pamoja na kila seti ya maneno, nakala Amu, nakala Shela, nakala Malindi.

FundiShela:
Na deskripta hiyo ichapeni karatasini baada ya kusahihisha alama ya C, si kabla.